xxd, hexdump au od: ushike ipi ukitaka kuchungulia faili kwa heksa

Juzi dogo ninayefanya naye kazi hapa Sinza kaniuliza, "Kaka, hivi hizi xxd, hexdump na od si kitu kimoja tu? Mbona leo unatumia hii kesho ile?" (Ni amri tatu za teminali, kila moja inakuonyesha baiti za faili kwa heksa, yaani namba za msingi wa 16.) Nilikuwa na haraka, nikamjibu "zote sawa, tumia yoyote", na hilo jibu limenikereketa mpaka leo maana si kweli, na mimi mwenyewe moja kati ya hizo tatu ilishanikesha usiku mzima. Kwa hiyo nayaweka hapa yale niliyotakiwa kumwambia, na wewe unayepita ukiokota chako poa tu.

Tuanze na Chang'ombe.

Tuna mteja, mama mmoja anauza vitenge Kariakoo, oda zake zinapelekwa na bodaboda mji mzima na bei ya kupeleka inategemea mtaa. Mwisho wa mwezi akapiga simu. Nikasema "Shikamoo mama", akaitikia marahaba haraka haraka, akaendelea, "Mwanangu hii ripoti yenu inanichanganya, Chang'ombe imetokea mara mbili, huku oda kumi na nne huku tisa, kwani huko Temeke siku hizi kuna Chang'ombe ngapi?" Nikamwambia nipe nusu saa mama. Nafungua faili, kwa macho Chang'ombe zote mbili ni zilezile herufi kwa herufi, hakuna nafasi iliyojificha mbele wala nyuma, nimekodoa mpaka basi. Ndo nikazichota zile mbili nikaziweka kwenye kafaili kadogo nikakatazama kwa heksa:

    $ hexdump -C mitaa.txt
    00000000  43 68 61 6e 67 27 6f 6d  62 65 0a 43 68 61 6e 67  |Chang'ombe.Chang|
    00000010  e2 80 99 6f 6d 62 65 0a                           |...ombe.|
    00000018

Umeona? Ya kwanza ina 27 pale kwenye king'ong'o, hiyo ndo alama ya kawaida iliyoko kwenye kibodi. Ya pili haina 27, ina baiti tatu e2 80 99, ambayo ni ile alama iliyopinda, baadhi ya simu na programu za kuandikia barua zinakubadilishia zenyewe bila kukuuliza. Kwa binadamu ni mtaa mmoja, kwa kompyuta ni mitaa miwili tofauti kabisa. Fikiria sasa Kiswahili kina ng' kila kona, ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'ang'ania, yaani lugha yetu inalimwa na hili tatizo kuliko hata wenye alama yao. Dawa yake ni amri ya kubadilisha maandishi, sed "s/’/'/g" tu, sekunde mbili, lakini bila kuona baiti ungekaa pale unabishana na mama wa watu kwamba mfumo hauna shida.

Kwa ambaye hajawahi kuingia huku: faili lolote, liwe picha, wimbo, karatasi ya Excel au apk ya gemu, ndani ni baiti tu zimepangwa foleni, kila baiti ni namba kati ya 0 na 255, na kwa heksa inaandikwa kwa tarakimu mbili kuanzia 00 hadi ff. Upande wa kushoto wa skrini unapewa namba ya nafasi, yaani mstari huu unaanzia baiti ya ngapi (nayo kwa heksa, kwa hiyo 10 pale juu ni kumi na sita), katikati baiti zenyewe, kulia herufi kwa zile baiti ambazo ni herufi na nukta kwa zisizosomeka. Basi. Na tafadhali usifanye cat (amri ya kumwaga faili lilivyo kwenye skrini) kwenye picha, teminali inavurugika inaanza kuandika vitu kama vya mganga, na ikishakutokea andika reset hata kama huoni unachoandika, itarudi.

Sasa zile tatu. Tuzipe kitu kimoja, neno Habari na mstari mpya mwishoni, baiti 7 jumla, tuone kila moja inatoaje bila kuiwekea mbwembwe yoyote:

    $ printf 'Habari\n' > h.txt

    $ xxd h.txt
    00000000: 4861 6261 7269 0a                        Habari.

    $ hexdump h.txt
    0000000 6148 6162 6972 000a
    0000007

    $ od h.txt
    0000000 060510 060542 064562 000012
    0000007

Hapo ushaona kwamba dogo alinidanganya na mimi nikamdanganya. xxd imekupa unachotaka moja kwa moja, heksa na herufi pembeni, imezibana mbilimbili lakini mpangilio ni uleule wa kwenye faili. hexdump peke yake imekupa heksa lakini ANGALIA, H ni 48 na a ni 61, kwenye faili inaanza 48 halafu 61, yenyewe imeandika 6148. Imegeuza. Inachukua baiti mbilimbili inazisoma kama namba moja ya biti 16 kwa mtindo wa prosesa zetu hizi za kawaida ambapo baiti ndogo inatangulia, kwa hiyo ukiisoma kwa kuamini utasoma kinyumenyume, na ile 000a ya mwisho imekuongezea sifuri ambazo hata kwenye faili hazimo. Nimeona mtu anahangaika siku nzima kutafuta kichwa cha picha ya JPEG, anatafuta ffd8 haioni, kumbe iko pale mbele yake imeandikwa d8ff.

Na od, hiyo hata heksa haikukupa, imekupa okta, yaani namba za msingi wa 8. Jina lenyewe ndo hilo, dampo la okta. Ni ya zamani mno, imo kwenye kitabu cha kwanza kabisa cha maelekezo ya Unix cha mwaka 1971, enzi za mashine za PDP ambazo watu wake walikuwa wanahesabu kwa okta, na haijabadili tabia tangu hapo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, na hii kariri tu: hexdump usiiite bila -C, na od usiiite bila kuiambia -A x -t x1z. Herufi C ni kubwa, ndogo inafanya kitu kingine. Kwenye Debian na Ubuntu kuna kifupi chake, hd, ni hexdump -C ileile, vidole vikizoea unasahau ile ndefu.

    $ od -A x -t x1z h.txt

Hiyo -A x ni namba za kushoto ziwe heksa, -t x1 ni baiti mojamoja kwa heksa, z ni kuweka herufi upande wa kulia. Hiyo z ni ya od ya GNU, ile inayokuja na Linux nyingi, usitegemee kuikuta kila mahali, ukikosa weka -c uone herufi kwa njia nyingine. Ndefu, naijua, inachosha, nani anakumbuka mambo yote hayo saa nane usiku. Lakini subiri tutairudia.

Sasa niseme la moyoni kuhusu xxd maana ndo wengi wanaipenda na mimi naipenda pia. Iliandikwa na jamaa anaitwa Juergen Weigert mwaka 1990 na siku hizi inakuja pamoja na Vim, ile programu ya kuhariri maandishi kwenye teminali. Tamu. Unaiambia -g 1 inatenganisha baiti mojamoja, -l 64 inakuonyesha 64 za kwanza tu, -s 100 inaruka mia za mwanzo, na kitu ambacho wenzake hawana, -s -16 inakwenda moja kwa moja baiti 16 za mwisho. Hii naitumia sana kwenye picha zilizodaunlodiwa nusu bando likakata, picha ya JPEG nzima kwa kawaida inaishia na ffd9, ukipiga xxd -s -16 picha.jpg ukakuta mwisho wake ni vitu vingine tu, picha haijafika yote, usianze kulaumu programu ya kufungulia. (Baadhi ya kamera na simu zinaongeza takataka zao baada ya ffd9, kwa hiyo usihukumu kwa picha moja.) Kwa hexdump au od inabidi upitishe tail -c 16 kwanza, inafanya kazi, ila namba za kushoto zinaanza upya sifuri.

Lakini xxd ina kisu mkononi. Mwenzangu, sikia hili vizuri.

Kulikuwa na folda ina CSV mbili tu, oda.csv na wateja.csv. Nataka nione kama zina ile alama ya siri ya mwanzoni, zile baiti tatu ef bb bf ambazo Excel inaziweka ukisevu kama CSV ya UTF-8, zinafanya safu ya kwanza ionekane inaitwa "jina" kumbe mbele ya j kuna kitu hakionekani na kila programu inakwambia safu ya jina haipo. Kwa heksa inakuwa hivi, huwezi kuikosa (orodha.csv ni mfano tu, haimo kwenye folda ile):

    $ xxd -g 1 -l 14 orodha.csv
    00000000: ef bb bf 6a 69 6e 61 2c 73 69 6d 75 0d 0a        ...jina,simu..

Na ile 0d 0a ya mwisho ni mstari wa Windows, nayo ina kesi zake. Sasa mimi na uvivu wangu badala ya kuandika jina la faili moja moja nikaandika xxd *.csv nikapiga enta. Kimya. Hakuna kilichotoka. Nikadhani labda mafaili matupu. Nikafungua wateja.csv ... ndani kuna dampo la heksa la oda.csv. Wateja wote hawapo.

Iko hivi, xxd ukiipa majina mawili, la kwanza ni faili la kusoma, la pili ni faili la KUANDIKIA, na inalifuta kwanza kabla ya kuandika. Haiulizi. Mafaili yangekuwa matatu ingegoma na kunipa maelekezo ya matumizi, lakini yalikuwa mawili, bahati mbaya ya kimahesabu. hexdump -C *.csv na od *.csv zote zinayasoma mafaili yote kwa kufuatana kama moja, haziandiki popote, haziwezi kukudhuru hata ukitaka. Nilikuja kupata wateja kwenye kiambatanisho cha barua pepe cha wiki tatu nyuma, za wiki tatu zilizobaki nikakaa naziingiza kwa mkono kutoka kwenye meseji za yule mwenye duka, umeme nao ukakatika saa nne, nikamalizia na laptopu ina asilimia kumi na mbili ya chaji. Tangu siku ile kwa kusoma tu mimi ni hexdump -C, na xxd naipa faili moja au naielekezea faili kwa kishale, xxd < faili, hapo haina pa kuandikia zaidi ya skrini.

Basi wengine wataniambia kosa ni lako si la xxd, imeandikwa kwenye maelekezo. Sawa. Hata shimo la barabarani lina kibao.

Kuna sehemu nyingine hexdump inaipiga xxd wazi wazi na watu wengi wanaona ni kasoro. Mistari inayofanana hexdump haiandiki tena, inaweka nyota moja. Jirani yetu wa duka la simu alipeleka memori kadi ya kamera ya harusi kwa fundi fulani, akarudishiwa folda ya picha mia na kitu, "mafaili yote yamerudi bosi", ukubwa unaonekana, majina yanaonekana, hakuna inayofunguka. Akaniletea nimsaidie "programu nzuri ya kufungulia". Nikapiga moja:

    $ hexdump -C IMG_0412.JPG
    00000000  00 00 00 00 00 00 00 00  00 00 00 00 00 00 00 00  |................|
    *
    0023a000

Mistari mitatu imemaliza kesi. Kuanzia mwanzo hadi baiti ya 0x23a000, yaani 2,334,720, kote ni sifuri tupu, hiyo si picha iliyoharibika, hiyo ni picha ambayo haipo, ni boksi la TV limejazwa magazeti. xxd kwa kawaida ingekutemea mistari 145,920 ya sifuri na wewe ungekuwa unasubiri pengine katikati kuna kitu. xxd nayo ina -a ya kubana sifuri, ila lazima uikumbuke. Na kwa upande wa pili, ukiwa unataka mistari yote bila nyota, labda unataka kulinganisha madampo mawili kwa diff, hexdump na od zipe -v.

Kwa hiyo mpaka hapa hexdump -C ya kusomea. Kwa nini basi nisiitupe xxd? Kwa sababu ya -r. Wenzake wanasoma tu, xxd inarudisha. Unatoa dampo, unalihariri, unaligeuza tena kuwa faili:

    xxd faili > dampo.txt
    (hariri)
    xxd -r dampo.txt > faili_jipya

Unahariri zile namba za katikati, ile safu ya herufi kulia haisomwi kabisa wakati wa kurudisha, kwa hiyo ukibadilisha pale halafu ukashangaa hakuna kilichobadilika usiseme hukuambiwa. Watumiaji wa Vim wanafanya hapohapo ndani, :%!xxd halafu :%!xxd -r kabla ya kusevu, ila fungua faili kwa vim -b la sivyo Vim inaweza kukuongezea mstari mpya mwishoni na faili linakuwa na baiti moja zaidi ya lililozaliwa nayo.

Na unaweza kubandika baiti chache tu katikati ya faili kubwa bila kuligusa kwingine. Hapa ndo nirudi kwa od niliyoahidi, maana kuna siku zilifanya kazi pamoja vizuri mpaka nikafurahi mwenyewe. Mshkaji ana studio ndogo Tabata, kanitumia WAV ya kwaya, chaneli moja tu (mono) ya biti 16, ikipigwa inakimbia mara mbili, mabesi wanaimba kama watoto wa chekechea. Kwenye WAV ya kawaida kasi ya sampuli imeandikwa baiti nne kuanzia nafasi ya 24. Sasa ukiangalia kwa xxd utaona 44ac 0000, haya nani kichwani anajua hiyo ni ngapi, tena imegeuzwa? od haina tabu:

    $ od -A d -t u4 -j 24 -N 4 sauti.wav
    0000024      44100
    0000028

-j ni ruka, -N ni soma ngapi, -t u4 ni nipe kama namba kamili ya baiti nne. Ukitaka baiti mbili u2, ukitaka yenye hasi d4, desimali zenye nukta f4 au f8, na kama faili limeandikwa baiti kubwa mbele od ya GNU ina --endian=big. Hii ndo kazi ambayo od inawapiga wote, si kuonyesha baiti bali kukwambia baiti zinamaanisha namba gani. hexdump nayo inaweza, hexdump -s 24 -n 4 -e '1/4 "%u\n"' sauti.wav, lakini angalia hiyo sentensi, mtu akikuta kwenye skripti yako bila maelezo atadhani paka kapita juu ya kibodi.

Basi kichwa kinasema 44100, nikamuuliza mshkaji mlirekodi kwa ngapi, akacheki mashine, 22050. Jibu limepatikana. 22050 kwa heksa ni 5622, baiti ndogo mbele inakuwa 22 56 00 00, na nafasi ya 24 kwa heksa ni 18. Baiti nne zinazofuata ni idadi ya baiti kwa sekunde, nayo lazima ishuke kutoka 88200 kwenda 44100, kwa hiyo:

    cp sauti.wav sauti_asili.wav
    echo "18: 22 56 00 00 44 ac 00 00" | xxd -r - sauti.wav

Baiti nane. Faili la megabaiti kibao halikuguswa pengine popote, kwa sababu xxd -r ikipewa faili la kuandikia hailifuti, inaandika pale ulipoielekeza tu (ndiyo, ni kinyume kabisa na ile tabia iliyoniua mimi, hapa hailifuti kule inalifuta, sijui walikuwa wanawaza nini). Kwaya ikarudi kuwa kwaya. Ile cp ya mwanzo usiiruke hata kama una haraka ya mwendokasi wa mwisho.

Swali linalobaki ni ipi utaikuta. Hapa ndo mapenzi yanaisha, unatumia kilichopo. Laptopu yako mwenyewe weka zote, kwenye Ubuntu xxd iko kwenye pakiti inaitwa xxd, hexdump iko kwenye bsdextrautils, ni vitu vidogo havili bando. Mac inazo zote tatu tayari. Ila ukiingia kwenye seva ya mteja ambayo huruhusiwi kuinstoli kitu, au ndani ya kontena la Docker la Debian lililopunguzwa, mara nyingi unaandika hexdump hakuna, xxd hakuna, od IPO. od ipo kwa sababu imo kwenye coreutils, lile fungu la amri za msingi, palipo na ls na cp na yenyewe ipo, na imo kwenye POSIX, kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix. Ndo maana nasema ile -A x -t x1z ikariri hata kama huipendi, ni tairi la spea, hulishangilii ila siku pancha imekukuta Kibamba usiku utalijua jina lake. Kwenye simu ya Android ukiingia kwa adb shell, za kisasa zina xxd na od zimeletwa na toybox, fungu la amri ndogondogo la Android.

Windows je? Nusu ya wateja wetu wako huko na huwezi kumwambia mhasibu wa watu ainstoli Linux. PowerShell kuanzia toleo la 5 ina Format-Hex, unaandika Format-Hex faili.csv inakupa safu tatu zilezile, inatosha kabisa kumwelekeza mtu kwa simu, "dada soma zile namba tatu za kwanza za safu ya katikati", akisema EF BB BF umemaliza. Ukiwa na Git kwenye hiyo mashine fungua Git Bash, xxd na od zimo humo.

Kuna pia hexyl, hii ni ya kijana wa juzi, imeandikwa kwa Rust na David Peter, inapaka rangi: sifuri rangi yake, herufi rangi yake, nafasi na mistari mipya rangi yake, baiti za juu ya 7f rangi yake. Ile Chang'ombe yetu ungeiona mara moja, e2 80 99 zinang'aa tofauti katikati ya herufi. Kwa kumfundishia mtu sijaona nzuri zaidi, na kwa macho yaliyochoka pia. Siifanyi ya kwanza kwa sababu moja tu, haipo popote mpaka uilete mwenyewe, na ukizoea rangi ukienda kwenye seva isiyo na rangi unakuwa kama umevuliwa miwani. xxd za karibuni nazo zina rangi, jaribu -R always.

Halafu kabla hujashika hata moja, piga file jina_la_faili kwanza, hiyo amri inasoma baiti za mwanzo inakwambia hiki ni nini. Mara nyingi inatosha. Ila inapokosea au inaposema "data" tu, ndo unarudi huku kusoma mwenyewe, na vichwa vya kukariri si vingi: 25 50 44 46 ni %PDF, 89 50 4e 47 ni PNG, ff d8 ff ni JPEG, 50 4b 03 04 ni zipu, na docx, xlsx na apk zote ni zipu zimevaa nguo nyingine kwa hiyo zote zinaanza na PK. Excel ya zamani, ile xls, inaanza d0 cf 11 e0. Mtu akikutumia "ripoti.xlsx" inagoma kufunguka, tazama baiti nne za kwanza, mimi nimeshakuta 3c 21 44 4f, yaani <!DO, ni ukurasa wa wavuti wenye maneno tafadhali ingia upya, mfumo ulimtoa mtu yeye akasevu hivyohivyo.

Dogo nimemtumia haya yote leo asubuhi. Kajibu "sawa kaka nimeelewa", dakika kumi baadaye namuona kwenye skrini yake anaandika hexdump bila -C.